Sakafu ya Safina

Haya ni kweli tupu, Obadiah Kaloki alimwambia mkewe Ijumaa jioni, na kama lipo neno moja la uongo ndani yake, Mungu na ampofushe jicho la kushoto. La kulia hakulitaja kwa sababu lilikuwa na mtoto wa jicho tayari. Matairi sita ya Safina, lori lao la nyumba, yalikuwa mapya. Alipewa na Mswidi mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika na nyumba yake ya magurudumu, akakwama karibu na mlima wa Salaita huku amezungukwa na simba wanne. Obadiah aliwafukuza simba wale kwa honi tu, akiipiga kwa mahadhi ya wimbo wa sadaka. Mswidi alilia machozi ya shukrani. Kwa kuwa hakuwa na zawadi nyingine, akashusha matairi sita kutoka paa la gari lake na kusema, chukua mzee wangu, uende nayo salama.

Mkewe, Peris Ngina, alikuwa amesimama mbele ya keki ya ghorofa tatu, akiipaka krimu kwa kisu kipana. Hakuinua macho. Aliuliza tu kama simba wale walikuwa madume au majike. Obadiah akasema walikuwa mchanganyiko.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi zaidi. Matairi aliyanunua Miasenyi, kando ya barabara kuu, kwa mtu aliyeyauza pamoja na mkaa na asali. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo yalikaa palepale uani kwake Mwakingali, mjini Voi, juani, yakiwa yamebeba nyumba.

Obadiah alikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge kwa miaka thelathini na mmoja, akitoa nati na beringi za wenyewe kwa mafundi wa wenyewe. Alipostaafu alinunua lori kuukuu na kulijengea nyumba mgongoni kwa mikono yake, akijifunza kwa video za simu. Hakufundishwa na mtu, na hilo alilisema kama sifa. Voi nzima waliliita Safina. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, friji ya betri, na tangi la maji la lita mia mbili juu ya paa. Tena lilikuwa na sakafu. Wazungu wa kwenye video waliweka mbao nyepesi au zulia la plastiki. Obadiah, aliyekuwa amekaa Pwani tangu ujana, hakuona vipi mtu ataiita nyumba nyumba bila mawe ya Mazeras. Aliyapanga arobaini na mawili, mapana, ya rangi ya kutu, akayashika kwa simiti. Seremala mmoja aliyekuja kuyaona alilizunguka lori mara mbili, akaaga, akaenda zake bila kusema kitu.

Mtu aliyesema alikuwa Mutheu, fundi wa pancha kwenye njia panda ya Taveta. Alhamisi Obadiah alimpelekea Safina ijazwe upepo. Mutheu alijaza, akapima, akajaza tena, lakini matairi ya nyuma yalibaki yamebonyea kama mama mzito aliyekaa kwenye godoro. Akauliza kuna nini humo ndani. Obadiah akasema matandiko. Mutheu akachuchumaa, akapitisha kucha ubavuni mwa tairi, mahali palipokuwa na nyufa nyembamba kama tope la lambo lililokauka. Kisha akaweka kidole kwenye namba nne zilizochorwa kwenye mpira.

"Mzee, unaona hapa? Mbili, tano, moja, moja. Wiki ya ishirini na tano, mwaka wa elfu mbili kumi na moja. Hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa."

"Lakini meno yake si unayaona?" Obadiah akasema. "Hata hayajalika."

"Meno ya kijana, moyo wa marehemu."

Akaendelea kumweleza, bila haraka, huku akijifuta mikono. Tairi halizeeki kwa mwendo peke yake, linazeeka pia kwa kusimama. Upepo hupimwa asubuhi likiwa baridi, si baada ya safari. Yale ya nyuma yapo mawili mawili, na la ndani ndilo linaloua watu kwa sababu hakuna anayeinama kulitazama. Gari lipelekwe kwenye mizani, lijulikane uzito wake. Na spea nayo ishushwe, ipimwe. Obadiah aliyasikiliza yote hayo kama mbuzi anavyosikiliza mahubiri. Angefundishwaje gurudumu na binti ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati yeye anapokea shehena ya kwanza ya spana?

Alirudi nyumbani akafanya kile ambacho kila mwenye gari la kwenda harusini hukifanya. Aliyasugua matairi kwa kitambaa cha dizeli, kisha akayapaka rangi nyeusi ya viatu kwa brashi, hadi nyufa zikafungika na kila ubavu ukang'aa kama kiatu cha hedimasta siku ya wazazi. Kwamba dizeli hula mpira kama mchwa anavyokula boriti, hilo pia Mutheu alikuwa amemwambia.

Harusi ilikuwa ya Shanice, binti wa Rita, mdogo wake Peris, huko Mahoo, karibu na Taveta. Keki ilikuwa ya kwanza ya harusi ambayo Peris aliwahi kuaminiwa kuoka. Alikuwa ameifanya kwa siku nne. Wanawake watatu wa Mahoo waliokuwa na mabinti wa kuozesha walikuwa wamesema wazi: ikifika nzima na kwa wakati, na wao watamwagiza. Ikifika vipande, basi wataendelea kuagiza Moshi, ng'ambo ya mpaka, kama kawaida. Ndiyo maana Rita aliandika kwenye kundi la familia akiomba keki isafirishwe kwa gari la kukodi, gari la watu wazima.

Obadiah hakukaa kimya. Alirekodi sauti na kuituma, watu arobaini wakaisikia. "Shemeji Rita, nikishindwa kuifikisha keki Mahoo na matairi yangu mwenyewe kabla ya saa tano, sufuria zote za harusi nitaziosha mimi. Nikiwa na suti."

Rita alijibu kwa neno moja: "Tumeihifadhi."

Jumamosi waliondoka saa kumi na mbili na nusu, yeye ndani ya suti ya kijivu, Peris nyuma kwenye kiti karibu na friji, mkono mmoja juu ya sanduku la keki kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mwatate walipita vizuri. Walipoipita Bura, usukani ukaanza kutetemeka kidogo kidogo, kama mtu mwenye homa anayejikaza mbele ya wageni.

Peris alisema kupitia kidirisha cha kebini kuna kitu kinagonga. Obadiah akasema ni barabara. Peris akasema barabara ni lami mpya na chai inamwagika kikombeni. Obadiah akasema amejaza kikombe sana. Peris akamwomba asimame Maktau, ashuke, ayashike matairi kwa mkono aone kama yamepata moto. Obadiah akajibu kwamba mtoto aliyelala hashikwi, ukimshika ataamka.

Kilomita chache mbele ya Maktau, pale ambapo hakuna nyumba tena, ni mbuga pande zote mbili, mtoto aliamka. La nje, nyuma kulia, lilipasuka kwa kishindo kilichowarusha kanga kutoka vichakani. Safina ikayumba, ikajirudi.

Hapo mtu mwingine angesimama. Obadiah alijua kwamba limebaki la ndani, na akaona hiyo ndiyo sababu Mungu na wenye viwanda waliyaweka mawili. Peris alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja, akimwita mumewe Baba Vincent, Baba Vincent, simamisha gari. Obadiah alienda hivyo, polepole, akihesabu kilomita kichwani, hadi la ndani nalo likaachia. Nyumba nzima ikakaa upande wa kulia. Sahani zikatoka kabatini. Halafu joto likaingia dirishani kama jamaa aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe.

Keki ilikuwa nzima. Peris alilisema hilo kwanza, kwa sauti ndogo, kabla ya kusema kitu kingine chochote. Kisha akasema ni saa mbili na dakika hamsini na friji imezima.

Obadiah alikata matawi ya mgunga, akayatandaza barabarani nyuma ya gari ili wenye mwendo waonywe. Akaweka vijiwe vya kando ya barabara mbele ya magurudumu ya mbele. Alitoa jeki. Alipoipampu, haikuinua gari, ilijichimbia yenyewe kwenye ule udongo mwekundu kama kobe anayetaga. Akaitoa, akaisogeza, ikajichimbia tena. Akatafuta ubao wa kuweka chini yake, hakuna. Jasho lilimtoka hadi tai ikabadilika rangi. Ndipo Peris, aliyekuwa akipepea keki kwa kifuniko cha sufuria, akamuuliza kwa upole wa kutisha kwa nini asichukue jiwe moja la sakafu.

Aling'oa jiwe moja la Mazeras kwa mtaimbo, akaliweka chini ya jeki. Sasa jeki ilisimama imara. Akapampu. Mafuta yakaanza kuvuja shingoni mwa jeki, mkono wake ukagoma, na Safina haikuinuka hata unene wa shilingi. Alijaribu kwa mikono miwili. Alijaribu kwa kukanyaga mkono wa jeki kwa kiatu. Alijaribu kwa kusema nayo.

"Baba Vincent," Peris akasema, "hiyo nyumba ni nzito kiasi gani?"

Obadiah aliachia mkono wa jeki. Alikuwa anafanya hesabu aliyopaswa kuifanya miaka miwili nyuma. Mawe arobaini na mawili, kila moja kilo zake, simiti, maji lita mia mbili, kitanda cha mbao ya mvule. Alikuwa ametumia maisha yake yote akipima vitu vya watu, na chake hakukipima hata mara moja.

Saa tatu na dakika arobaini ikatokea pikapu iliyobeba vikreti vya vifaranga, ikielekea Taveta. Mwenyewe aliitwa Mulinge, mfugaji wa kuku, mtu mpole mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Aliyatazama magurudumu, akamtazama Obadiah, akapiga mluzi mfupi, basi. Nafasi ilikuwepo nyuma, katikati ya vikreti. Wakaibeba keki wote watatu, hatua kwa hatua, kama watu wanaohamisha mzinga wa nyuki. Sanduku likateleza kwenye bati. Peris alitazama huku na huku, akaokota kipande cha tairi lililopasuka, kinene, kirefu kama mkono, akakipachika chini ya ubao wa keki kuizuia. Obadiah alimwona akifanya hivyo na hakufikiria lolote.

Peris alipanda nyuma pamoja na vifaranga, akakumbatia sanduku. Nguo yake ya harusi ilikuwa nyeupe yenye maua ya zambarau. Alijitazama viganja, vilivyokuwa vyeusi tii, akavinusa. Harufu ya rangi ya viatu humfikia mtu haraka.

"Mimi naenda na keki," akasema. "Wewe baki na Mswidi wako."

Yaliyofuata Obadiah hakupenda kuyakumbuka. Ndovu watatu walipita mbali upande wa reli, wakila, bila haja na yeye wala harusi yake. Kwa sababu yao alijifungia ndani ya kebini saa nzima, madirisha juu, akiiva kama kiazi kwenye majivu. Walipopotea alishuka akafungua bomba la tangi, maji yote yakamwagika barabarani, na kuyaona yakinywewa na vumbi kulimuuma kuliko alivyotarajia. Kisha akaanza kung'oa sakafu. Simiti aliikoroga vizuri mno wakati ule, hakuwa mtu wa kulipua kazi, na sasa kila jiwe lilimdai jasho lake. Aliyatoa moja moja, akayapanga kando ya barabara. Lori moja likapita, dereva akavua kofia akidhani ni kaburi.

Yote arobaini na mawili yalipotoka, na lile la kwanza likiwa limerudishwa chini ya jeki, Safina ikainuka. Nati zikawa na kutu, mbili zikagoma. Mnyororo wa spea ukawa umeshikana. Na spea yenyewe, aliyoapa mbele ya Mutheu kwamba ni nzima kama yai, ilikuwa laini. Alikuwa na pampu ya mguu tu. Alipampu akihesabu, kwa sauti, kwa hasira, na alipofika mia nne alianza kutukana shamba la mkonge, Miasenyi, video za simu, na mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia, akajitukana mwenyewe. Spea ilikuwa moja na matairi yaliyopasuka mawili. Akaifunga nje, la ndani akaliacha rimu tupu, na nyumba yake, sasa nyepesi kama debe, ikaenda kwa mwendo wa baiskeli hadi Salaita, hadi Taveta, hadi Mahoo.

Alifika saa tisa na robo. Wali ulikuwa umeliwa. Nyuma ya jikoni aliona sufuria zimeegemezwa ukutani, kumi na moja, kubwa za kukodi, na Rita amesimama karibu nazo akimtabasamia kama karani wa mahakama.

Lakini ndani ya hema, juu ya meza yenye kitambaa cha lesi, keki ilikuwa imesimama. Ghorofa zote tatu. Unyoya mmoja wa kifaranga, wa njano, ulikuwa umenasa kwenye krimu ya juu, na bibi harusi alikuwa amekataza usitolewe. Wanawake watatu wa Mahoo walikuwa wamekaa karibu na Peris, mmoja akiandika tarehe kwenye simu.

Moyo wa Obadiah ulitulia, na ulipotulia ulimi wake ukaamka. Msema chochote wa sherehe alimwita mbele, mzee wa Safina aje aeleze amechelewa wapi. Alishika maikrofoni kwa mkono uliochubuka. Akasema aliahidi kuosha sufuria iwapo matairi yake yatashindwa, na yeye ni mtu wa neno lake, ila matairi hayakushindwa. Yalikuwa mapya, ya Uswidi, na kilichoyapasua hakikuwa barabara. Alikuwa ndovu. Dume kubwa lilitoka kichakani mbele ya Maktau, likayakanyaga yote mawili kwa mguu mmoja. Kisha, alipomwona mzee ameshusha jeki kwa huzuni, ndovu huyo huyo akaona aibu, akapitisha mkonga chini ya gari, akaliinua, na kulishikilia hadi nati ya mwisho ikakazwa. Ni kweli tupu. Mungu na ampofushe jicho la kushoto.

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na Obadiah alianza kuona kwamba atapona. Hapo Peris akasimama. Alifuta mdomo kwa kitambaa, akaenda mezani, akamwomba bwana harusi ainue ubao wa keki kidogo upande mmoja. Akaingiza mkono chini ya lesi na kutoa kipande cha mpira mweusi, kirefu kama mkono. Keki ilipowekwa mezani walikirudisha palepale chini yake, kwa sababu meza nayo ilikuwa imeegemea upande.

Alikifuta kwa kidole, kidole kikawa cheusi, akakionyesha hema lote. Halafu akampa bibi harusi.

"Shanice mwanangu, soma hizo namba nne kwa sauti."

"Mbili, tano, moja, moja," Shanice akasoma.

Peris akamgeukia Mulinge, aliyealikwa chakula na alikuwa bado anamalizia paja la kuku, akamwomba awaelezee wageni kile alichomwelezea walipokuwa wakiishusha keki. Mulinge alimeza kwanza. Akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba hiyo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na kwamba kwa hesabu yake bibi harusi alikuwa darasa la nne.

Hema likawaka kwa kicheko. Obadiah alitazama mpira, akatazama maikrofoni. Aliijaribu njia moja ya mwisho, akasema labda Mswidi alimdanganya. Hata watoto hawakumwamini. Kutoka nyuma Rita alikuwa tayari ameiinua simu yake juu karibu na spika, na sauti ya Obadiah mwenyewe ikatoka, kubwa, ikimwambia shemeji Rita kuhusu sufuria na suti.

Alirudisha maikrofoni. Akavua saa tu, kwa kuwa kuvua koti hakukuwa katika mapatano.

Walimwekea kigoda, ndoo mbili, majivu na steelwaya ya kusugulia. Wanawake wa jikoni walivuta viti wakaketi wamtazame, maana onyesho la namna hiyo halilipiwi kiingilio. Rangi ya viatu kwenye mikono yake iliacha alama kila aliposhika, ikambidi aoshe sufuria ya kwanza mara mbili. Alipofika ya tano Peris alikuja na kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi. Akamlisha, kwa kuwa mikono yake haikufaa. Akamwambia ameshampigia Mutheu. Jumatatu atakuja na matairi sita, na kabla hajafunga hata moja, Safina itapelekwa kwenye mizani na mkewe atasimama pale asome namba mwenyewe. Na mawe yake ya Mazeras, kama hayajachukuliwa, yatatengeneza njia nzuri kutoka mlangoni hadi chooni.

Obadiah alitafuna. Ilikuwa keki nzuri kweli, na hilo alilisema bila kuapa.

"Maliza," Peris akasema, akiinuka. "Ya pilau ndiyo inayofuata. Imeungua chini."